Unajua, Basi Sema!

Amka, msomaji! Unalia ukisoma kitabu, unanyamaza mtaani kwako. Mpaka lini?

Uko mji mdogo kusini mwa Marekani, jimbo la Alabama, uitwao Monroeville. Ndipo alipozaliwa Harper Lee, na mwaka 1960 akatoa riwaya ya To Kill a Mockingbird. Mji wa riwaya aliuita Maycomb. Humo kila mtu anamjua mwenzake, anajua deni lake, anajua aibu ya babu yake. Humo Tom Robinson, mtu mweusi, anasingiziwa kumbaka mwanamke mzungu. Wakili Atticus Finch anaonyesha mbele ya macho ya wote kwamba jambo hilo haliwezekani. Wazee wa baraza, wazungu watupu, wanamtia hatiani hivyo hivyo!

Mamilioni wamelia. Na Monroeville yenyewe inajivunia kitabu hicho: jumba la zamani la mahakama ni makumbusho, wenyeji huigiza kisa hicho kila mwaka, na baadhi ya watazamaji huitwa kukaa kwenye viti vya wazee wa baraza.

Sasa sikia yaliyotokea katika mji huo huo!

Tarehe 1 Novemba 1986 msichana mzungu wa miaka 18 aliuawa kwenye duka la dobi alikokuwa akifanya kazi. Miezi ikapita, hakukamatwa mtu. Watu wakaogopa, wakakasirika, wakadai jina. Wakapewa jina! Walter McMillian, mtu mweusi, mkata magogo. Mji ulikuwa umeshamsema vya kutosha, kwa kuwa alikuwa na uhusiano na mwanamke mzungu mwenye mume. Umbeya ulimhukumu kabla ya jaji.

Asubuhi ile ya mauaji McMillian alikuwa nyumbani. Samaki walikuwa wakikaangwa na kuuzwa kuchangia kanisa, wateja wakiingia na kutoka. Walimwona! Walimsalimu! Walizungumza naye! Wakapanda kizimbani kumshuhudia, wala hawakusadikiwa, kwa sababu nao walikuwa weusi.

Kesi ya uhai wa mtu ilikwisha kwa siku moja na nusu. Baraza lilipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalipindua pendekezo, akaamuru kifo. Na usipite haraka hapa, ndugu yangu: mtu huyu alikuwa ameshawekwa pamoja na wanaosubiri kuuawa, zaidi ya mwaka mzima, kabla kesi yake haijasikilizwa. Hukumu ilitangulia, kesi ikafuata!

Na ilikuwepo kanda. Shahidi mkuu wa mashtaka alisikika akilalamika kwamba analazimishwa kumtaja mtu asiye na hatia. Wenye mamlaka waliisikia, wakaifungia, wakaenda kulala. Ilipofika mikononi mwa wakili Bryan Stevenson, kesi ilianza kuporomoka. Tarehe 2 Machi 1993 McMillian alitoka huru, baada ya karibu miaka sita ya kusubiri kifo.

Karibu miaka sita, na ukweli ulikuwepo tangu siku ya kwanza!

Usiwanyooshee kidole watu wa Alabama. Jitazame wewe.

Ikija kesi kubwa mjini kwako, unafanya nini? Simu inawaka, kundi linachemka, picha ya mshtakiwa inazunguka. Nawe unaandika: ndiye huyo, afungwe, apotelee huko! Ushahidi hujausikia. Faili hujaliona. Hasira ya wengi ndiyo iliyokushika mkono ikakuandikia. Kisha kesi ikiitwa, karani anatangaza: imeahirishwa, shahidi hakufika. Shahidi huyo ni nani? Pengine ni wewe!

Unalalamika kwamba watu hawana imani na mahakama. Wataipata wapi imani, ikiwa asiyejua anapiga kelele, anayejua amekaa kimya, na aliyedanganya anapigiwa makofi? Jaji anaamua kwa yaliyowekwa mbele yake. Yako umeyaficha kifuani!

Najua unaogopa. Una haki ya kuogopa. Katika kesi ya McMillian, kijana mmoja alijitokeza kupinga maneno ya shahidi mwingine wa mashtaka, akakamatwa na kushtakiwa kwa kosa la kiapo cha uongo. Sikufichi hatari hiyo. Lakini kijana yule alisema! Naye aliyenyamaza alifanya kama Pilato: alijua, akanawa mikono, akamtia mtu mikononi mwa umati.

Chagua! Huwezi kulia na Tom Robinson usiku na kumrushia mawe jirani yako asubuhi. Huwezi kumsifu Atticus na kumkimbia wakili anayekutafuta utoe ushahidi. Huwezi kudai haki siku utakayokamatwa wewe, nawe umemnyima haki yake aliyekamatwa jana.

Geuka sasa! Futa ulichoandika juu ya mtu usiyejua kosa lake. Mwambie aliyekuletea uvumi kwamba kwako umefika mwisho. Na kama uliona, kama ulisikia, kama ulikuwepo, usingoje mpaka hukumu isomwe. Nenda kwa karani, uliza kesi inatajwa lini. Mtafute wakili wa mshtakiwa, toa maelezo yako, yasome, yatie saini. Siku ya kesi ufike mapema, jina lako likiitwa, uitike.

Mshtakiwa yuko rumande leo. Nenda leo!