AMANA YA MUUGUZI NA YA MKUBWA WAKE

Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume: jua, ewe ndugu, kuuguza wagonjwa ni fardhi kifaya, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Mwaka 2023 maradhi ya Marburg, yaambukizayo kwa damu na majimaji ya mgonjwa, yaliingia Kagera. Wakashikwa 9, wakafa 6, na miongoni mwao mhudumu wa afya.

Je, mkubwa wa zahanati, Songambele au penginepo, aweza kumwamuru muuguzi amguse mgonjwa wa namna hiyo kwa mikono mitupu? Hawezi. Ukubwa ni amana. Kwanza atoe glavu, ndipo aamuru; naye muuguzi akishazipata, asimkimbie mgonjwa. Zikikosekana kwa uzembe, ataulizwa mkubwa, si yule aliyeogopa. Wallahu aalam.