Nani Anashika Kikombe?

Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii tumeisikia tangu utotoni mpaka tumeacha kuiuliza chochote. Leo naomba tuiulize, na shahidi wangu ni kinywaji cha Kihindi kisicho na makuu: chaasi.

Tuanze na chenyewe. Unachukua mtindi, unaongeza maji mengi, chumvi, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, labda tangawizi, pilipili mbichi na majani ya kotmiri. Wengine hutia mvuje kidogo. Unapiga mpaka utoe povu, basi. Gujarat ni chaasi, sehemu za kusini mwa India kama Tamil Nadu ni moru. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa bado, joto la Gujarat hupita nyuzi 40 bila haya. Mwenye kutoka jasho hupoteza maji na chumvi, na kikombe hiki humrudishia vyote viwili. Hata kwetu, familia zenye asili ya Gujarat za Mombasa na Dar es Salaam bado wanayo mezani mchana.

Ila chaasi ya zamani haikuwa mtindi uliozimuliwa maji. Ilikuwa mabaki. Asubuhi mama wa nyumba alisukasuka mtindi kwa mti unaozungushwa kwa kamba, siagi ikaelea, akaiondoa na kuichemsha iwe samli. Samli ilikuwa mali: inakaa muda mrefu, inauzika. Kilichobaki chunguni kilikuwa kingi, na kwa joto lile hakikawii kuharibika. Kwa hiyo katika vijiji vingi desturi ilikuwa wazi: samli unauza, chaasi unagawa. Kumuuzia jirani chaasi ilikuwa aibu.

Sasa swali. Huyu aliyegawa kitu ambacho kesho angekimwaga, alitoa kwa moyo? Wapo watakaosema hiyo si sadaka, ni kusafisha chungu. Mimi siendi nao haraka hivyo. Asiye na ng'ombe wala nyati wa kufugwa, aliyepata chaasi ya kushushia mkate wake wa uwele, hakunywa nia ya jirani. Alikunywa chaasi. Tumbo halipimi moyo wa mtoaji. Tukianza kukataa kila wema usiomgharimu mtu, maskini ndiye atakayelala njaa kwa ajili ya usafi wa falsafa yetu.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye kikombe.

B. R. Ambedkar, aliyekuja kuongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India, alizaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa. Ameeleza kwamba shuleni hakuruhusiwa kugusa bomba la maji mpaka tarishi amfungulie. Tarishi asipokuwepo, mtoto anabaki na kiu yake. Mwaka 1927, katika mji wa Mahad, aliongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la umma walilokuwa wakizuiwa. Hebu fikiri: maji ni bure, bwawa ni la wote, na bado kunywa tu kulihitaji maandamano.

Chaasi nayo ilipita katika mlango huo huo. Kwa Wadalit vitu vilimiminwa kutoka juu, chombo cha mtoaji kisije kikagusana na cha mpokeaji. Aliyemimina huenda alikuwa na moyo mweupe kabisa. Huenda aliongeza hata chumvi. Lakini kila tone lilimkumbusha mpokeaji mahali pake. Hapo methali yetu inakwama, kwa sababu moyo upo, na dhuluma nayo ipo, ndani ya tendo moja.

Kisha likaja soko. Mwaka 1946 wafugaji wa Kaira, Gujarat, waliunda ushirika wa maziwa ambao leo dunia inaujua kwa jina la Amul. Kuanzia 1970, chini ya Verghese Kurien, mfano huo ulisambazwa nchi nzima. Mama aliyekuwa akisukasuka mtindi sasa alibeba maziwa mpaka kituoni, yakapimwa mafuta, akalipwa. Mara nyingi watu wa matabaka mbalimbali walijikuta kwenye foleni moja. Hilo si jambo dogo. Lakini wakosoaji waliona upande wa pili: maziwa yakiondoka nyumbani mazima, hakuna kusukasuka, na bila kusukasuka hakuna chaasi ya kugawa. Leo chaasi inauzwa kwenye pakiti. Pakiti haikuulizi tabaka lako, ni kweli. Haikuulizi njaa yako pia. Huna hela, hunywi.

Je, tumebaki na mawili tu, zawadi inayodhalilisha au bei isiyojali? Tamil Nadu kuna jibu la tatu. Kiangazi kikishika, vibanda hujengwa kando ya barabara, vya mahekalu, vya vikundi vya mtaa, hata vya vyama vya siasa, na moru hutolewa bure. Ndiyo, wanasiasa hubandika picha zao hapo, tusijifanye hatuwaoni. Lakini moru ile imetengenezwa ili igawiwe, si mabaki. Mpita njia haulizwi jina. Anashika kikombe mwenyewe, anakunywa amesimama, anaendelea na safari bila deni kwa mtu.

Ndiyo maana nasema methali yetu inatazama upande mmoja. Moyo au utajiri, vyote ni vya mtoaji. Mpokeaji hatajwi. Na sisi tumeizoea hivyo: dada wa kazi tunampa kiporo na kanga iliyochakaa, tukisubiri ashukuru, huku kikombe chake kimetengwa kwenye rafu ya chini. Kiporo si dhambi. Wengi wetu tumekula kiporo na wali wa jana ukawa mtamu kuliko wa leo. Lakini kula kiporo mezani pamoja na wenye nyumba ni jambo moja, na kukilia jikoni kwenye sahani yako ya peke yako ni jambo jingine kabisa, hata kama chakula kimetoka sufuria moja.

Basi kabla ya kujisifu kwa tulichotoa, tutazame kwanza aliyepokea alikuwa amekaa wapi, na kikombe alikishika nani.