Upendo Usiochukua Kipimo

Je, kuna ubaya wowote kumpa mtu kitu kizuri ambacho hakimfai? Swali hili laonekana dogo, lakini mimi naliona zito. Katika mifano yote niijuayo, ule unaolifafanua vizuri zaidi umo katika kazi ambayo wanaume wengi huidharau, yaani kufuma masweta.

Tumfikirie mama mmoja wa Njombe. Huko juu, mwezi wa Juni na Julai, baridi ni kali, na asubuhi nyingine sakitu hutanda juu ya majani. Mama huyu ana binti anayefanya kazi Dar es Salaam. Anakwenda dukani, anachagua uzi wa sufu ulio mnene kuliko wote, anachagua mtindo wa shingo ndefu wenye misuko kifuani, na kila jioni kwa muda wa miezi miwili anafuma. Sweta linapofika, binti analipokea kwa mikono miwili, anampigia mama simu ya shukrani, kisha analiweka chini kabisa ya sanduku. Siku mama akija kutembea, sweta hutolewa, likavaliwa nusu saa, jasho likamtiririka binti, likarudishwa sandukoni. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyesema kweli.

Ndugu msomaji, kosa liko wapi? Wengi watasema hakuna kosa, maana katika zawadi hutazamwa moyo. Mimi nadhani moyo peke yake hautoshi. Mama yule alichagua kwa kufuata baridi inayomuuma yeye, wala si joto linalomchosha binti yake. Alimpenda sana, lakini hakumuuliza.

Mfumaji hana budi kujua kwamba kila uzi una tabia yake. Nyuzi za sufu zimejikunja zenyewe, hivyo hushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo izuiayo baridi. Tena sufu hunyonya unyevu mwingi kabla mvaaji hajahisi kulowa. Lakini ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, hugandamana na kusinyaa, wala hairudi tena. Pamba hunyonya jasho na haifungii joto, kwa hiyo yafaa kwa vazi la msimu wa joto, kama blauzi ya mikono mifupi iliyofumwa kwa matundu matundu. Ila ni nzito, haina nguvu ya kujivuta na kurudi, na vazi lake hulegea na kurefuka. Uzi wa akriliki ni wa bei nafuu, rangi zake hung'aa, na kuufua si taabu. Lakini hufungia jasho, na ukishika moto huyeyuka na kuganda juu ya ngozi. Kwa hiyo hakuna uzi ulio bora kwa wote. Kuna uzi unaomfaa mtu fulani, mahali fulani, kwa kazi fulani.

Katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake, palikuwa na mkufunzi wa sayansi kimu ambaye hakumruhusu mwanachuo yeyote kuanza sweta kabla ya kufuma kipande cha majaribio, kukifua, kukikausha, na kuhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Wanachuo walikuja kwangu kulalamika kwamba wanapotezewa uzi na muda. Mkufunzi aliwajibu kwa hesabu. Kielelezo kinataka vitanzi 22 katika sentimita 10. Mkono wako ni mlegevu, unatoa 20. Ukianza na vitanzi 220 kama kitabu kinavyosema, ukitarajia kifua cha sentimita 100, utapata sentimita 110. Aliyeandika kitabu hakukosea. Hakuujua mkono wako tu. Kisha akawatuma shule ya mazoezi, kila mmoja akapime kifua na mikono ya mtoto atakayemfumia, na amguse kwa uzi shingoni aone kama unamwasha. Kwa maoni yangu, somo lile lilikuwa la maadili zaidi kuliko la ufumaji.

Nitaulizwa: je, wakubwa tusiwe na neno? La, sisemi hivyo. Mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa akipenda uzi unaong'aa, bibi hana budi kukataa uzi huo, kisha amwachie achague rangi. Kuuliza si kutii. Ajuaye analo jukumu la kueleza. Lakini akiwa anamfumia mtu mzima, baada ya kueleza, uamuzi ni wa yule atakayelivaa. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na sweta usilolivaa hujui linavyowasha.

Liko jambo moja linalolifanya swali hili kuwa zito zaidi. Kwetu sisi, mdogo hamwambii mkubwa kwamba zawadi yake haimfai. Heshima humfunga mdomo. Mwenye duka asipomuuliza mteja, mteja huondoka akanunua kwingine. Mzazi asipomuuliza mwanawe, mwana aende wapi? Ndiyo maana nasema kwamba, pale ambapo mpokeaji hawezi kukataa, wajibu wa kuuliza humwangukia mtoaji wote mzima. "Ahsante" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" haitupi habari yoyote.

Nimewaona vijana walioletwa chuoni kusomea ualimu uliochaguliwa na baba zao kwa upendo wa kweli. Waliuvaa ualimu kama sufu katika joto la pwani. Walishukuru, wakafaulu mitihani, wakapangiwa shule, na watoto wa watu wakakaa miaka mingi mbele ya mwalimu asiyetaka kuwapo darasani. Katika mkasa kama huo anayeumia si mvaaji peke yake.

Lugha yetu ina neno kufuma, na pembeni yake neno kufumua. Kitambaa kilichokatwa kwa mkasi hakiungani tena, lakini sweta lisilofaa laweza kufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukanyooshwa, ukafumwa upya kwa kipimo cha haki. Anayeogopa kufumua kwa sababu ya taabu aliyoipata anaipenda taabu yake kuliko anavyompenda mvaaji. Lakini miaka ya mtu haifumuliwi hivyo. Kwa hiyo, kabla hatujawachagulia watu wetu mambo ya maisha yao, tuchukue kipimo kwanza, na tukae kimya kidogo ili tusikie jibu.