Arubuni Kwanza, Moto Baadaye

Wanangu, tangu mgao wa chakula uanze kupunguzwa, vijana wengi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale mnanijia na wazo lile lile: kuanzisha upishi wa oda, wa kufuata shughuli ilipo, iwe Base Camp, Juru, Rubondo au Mbarara mjini. Nalipenda wazo hilo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea ndani ya Uganda, na watu wa kula hapa hawakosekani: harusi zipo, matanga yapo, ubatizo upo, semina za mashirika zipo. Wapishi hodari niliowaona wakianguka hawakuangushwa na jiko. Waliangushwa na deni.

Angalieni linavyoingia. Mteja anakuja kwa heshima zote, anataka chakula cha harusi ya watu 100: wali, ndizi, maharage, nyama ya ng'ombe na sombe. Anasema atalipa michango ikishakusanywa. Wewe, kwa furaha ya oda ya kwanza, unakopa mchele na mafuta dukani, unakopa mkaa kwa jirani, unawaahidi wasaidizi posho jioni. Shughuli inakwisha, watu wanakusifu, michango haikutosha. Jumatatu asubuhi mwenye duka yuko mlangoni kwako, wala bwana harusi hamjui. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mpishi wa mkopo hulipa matanga ya harusi isiyo yake.

Kwa hiyo usiwashe jiko kabla ya arubuni. Pokea nusu ya bei siku ile ile mnayokubaliana, na uhakikishe inatosha vitu vyote vibichi pamoja na mkaa. Iliyobaki ilipwe asubuhi ya shughuli, kabla hujaanza kupakua. Andika kwenye daftari tarehe, idadi ya watu, aina za chakula, bei na saa ya kula, kisha mteja atie sahihi. Akituma fedha kwa simu, usifute ujumbe. Anayekasirika kwa kuombwa arubuni, mwache aende. Hata akiwa mjomba wako, hata akiwa mchungaji wako, mpunguzie bei ukipenda, lakini arubuni atoe.

Mashirika yana utaratibu wao. Mengi hulipa baada ya kazi, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye, na hutaka namba yako ya mlipakodi kutoka mamlaka ya mapato, URA. Malipo yakizidi shilingi milioni 1, mashirika yaliyoteuliwa kuzuia kodi hukata asilimia 6. Dai cheti chake, ni haki yako. Oda ya namna hiyo usiiguse mpaka uwe na akiba ya kuibeba mwenyewe.

Sasa chakula chenyewe. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo kwenye harusi moja utakuta Mkongo, Mrundi, Msomali na Mwethiopia wamekaa hema moja. Msomali atauliza nani amechinja, na kama sufuria yako imewahi kupikiwa nguruwe. Ana haki ya kujibiwa ukweli. Tenga sufuria, visu na miiko yake, viwe na alama, visichanganywe hata siku ya haraka. Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama, maziwa wala mayai. Andaa dengu na mboga. Mambo haya yaulizeni siku ya arubuni, si siku ya kupakua.

Kwa watu 100, kilo 10 hadi 12 za mchele zinatosha ikiwa kuna ndizi na ugali pembeni. Wali ukiwa peke yake, panga kilo 15. Maharage yaloweke usiku kucha, utaokoa mkaa mwingi. Sombe usiiharakishe kamwe. Majani ya muhogo yana sumu: yatwange vizuri, yachemshe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, mpaka yalainike kabisa, ndipo utie mawese au karanga. Nimeshamwona kijana akitia viungo majani yangali magumu kwa sababu wageni walishaketi. Heri wageni wasubiri.

Shughuli ikiwa Mbarara, msipike Nakivale usiku mkasafirisha sufuria kwenye barabara ya vumbi hadi mchana. Wali uliokaa vuguvugu saa nyingi unaweza kuwaumiza watu tumbo hata ukiupasha tena. Beba vitu vibichi na majiko, pika uani kwa mwenye shughuli, chakula kitoke kikifuka mvuke. Sabuni na maji ya kunawa viwe karibu na jiko kabla hujamenya kitunguu cha kwanza.

Na gari? Msinunue. Wala hema, wala viti, wala sahani mia mbili. Kodini, gharama iingie kwenye bei. Fedha za mwanzo zinunue sufuria nzito mbili, majiko mawili, visu vizuri na daftari.

Mwenye oda ya kwanza mkononi, aje nyumbani na daftari lake tupige hesabu pamoja. Sufuria kubwa ninazo, na kwa shughuli hiyo ya kwanza nitamwazima bila malipo, mradi arubuni ameshaipokea.