Swali la Mtoto katika Vidas Secas

Je, mzazi fukara hutenda kosa anapomnyima mwanawe haki ya kuuliza? Suala hili linajitokeza waziwazi katika Vidas Secas (yaani ‘Maisha Makavu’), riwaya ya Mbrazili Graciliano Ramos iliyochapishwa mwaka wa 1938. Mandhari yake ni nyika kame ya kaskazini-mashariki mwa Brazili, eneo ambalo Ramos, aliyekuwa meya wa Palmeira dos Índios kuanzia 1928 hadi 1930, hakulijua kwa kusimuliwa. Mchunga ng'ombe Fabiano na mkewe, Sinhá Vitória, wanaukimbia ukame pamoja na wana wawili wasiopewa majina. Mbwa wao analo: Baleia.

Mvulana mkubwa anasikia neno ‘jehanamu’ na kutaka kujua maana yake. Mama anamjibu kwa mkato kuwa ni mahali pabaya. Mtoto anauliza iwapo yeye amepaona, anapigwa konzi. Anatoka nje akilia, anamkumbatia mbwa, asiamini kwamba neno zuri namna ile laweza kubeba uovu.

Ni rahisi kuisoma konzi hiyo kama ukatili wa ujinga. Tunachelea usomaji huo. Fabiano ana ushahidi wake: Tomás, msomi anayemstahi, alifilisiwa na ukame uleule licha ya vitabu vyake. Aidha, Sinhá Vitória anajua hesabu. Hutumia mbegu kukokotoa ujira wa mumewe. Mwajiri anatoa jumla nyingine na kudai kuwa tofauti ni riba. Fabiano analalamika, anaambiwa akatafute kazi kwingine, na papo hapo anaomba radhi. Katika nyika hiyo, basi, kujua hakujamwokoa mtu, na kuhoji kumemponza aliyethubutu. Ukimya wanaorithishwa watoto ni kinga, japo kinga inayomjeruhi kwanza yule inayemlinda.

Hata hivyo, hoja ya Fabiano haitutoshi, kwa kuwa inampa mwajiri ushindi kabla ya shauri kusikizwa. Ramos mwenyewe haikubali: usimulizi wake unaingia akilini mwa mvulana na kumpa hadhi ya kufikiri ambayo jamii imemnyima. (Kwa nini basi asimpe na jina? Hapa, kwa maoni yetu, mwandishi anakaribia mno kosa analolishutumu.)

Mwishoni familia inaelekea kusini, na aliyepiga konzi ndiye anayewawazia wanawe shuleni, wakijifunza mambo magumu asiyoyajua yeye. Msimulizi anadokeza kwamba mji huo utawanasa.