Mtoto Anayechagua, Je, Atajua Kutii?

Wazazi wa Kilosa na Mikumi tunapotoka ibadani, mazungumzo hayakawii kufika shuleni. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iufanye mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, swali ni lile lile. Mtoto ameketi kwenye kona anapanga vifuniko vya chupa, mwenzake anafinyanga udongo, na mwalimu amechuchumaa kando akiwasikiliza. Je, hayo ni masomo? Na mtoto anayejichagulia kazi akiwa na miaka mitano, atajifunza lini kutii?

Tusilidharau swali hili. Barabara kuu iendayo Zambia inapita Mikumi, katikati ya hifadhi yenye tembo na simba, na malori hayalali. Kilosa tuna mto Mkondoa, unaofurika wakati wa masika. Huku kwetu mtoto akipuuza neno la mzazi anayemwambia asimame, tunaweza kuzika. Utii ni uhai.

Lakini tuitazame vizuri kona ile. Mwalimu hakuwaachia watoto kila kitu. Yeye ndiye aliyepanga magunzi, kokoto na mbegu. Yeye ndiye aliyeweka mipaka: usimpige mwenzako, subiri zamu yako, rudisha ulichochukua. Ndani ya mipaka hiyo mtoto anachagua aanzie wapi. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa Roma mwaka 1907, aliona kwamba mtoto aliyeichagua kazi yake hutulia nayo kwa muda mrefu bila kushurutishwa. Huo nao ni utii, tena usiohitaji fimbo mlangoni. Utii wa hofu huondoka pamoja na mwenye fimbo.

Injili ya Luka, sura ya pili, inatuonyesha Yesu akiwa na miaka 12 hekaluni, katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mistari michache mbele anarudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akiwatii. Ni sura moja na mtoto mmoja: anauliza, na anatii. Maandiko hayakuvitenganisha viwili hivyo.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wilaya ya Kilosa imelia sana kwa sababu ya migogoro ya wakulima na wafugaji. Mtoto wa mfugaji anajua kuhesabu kwa mbuzi, wa mkulima kwa mahindi. Mwalimu akianza na kile ambacho kila mmoja anakijua, hakuna anayefika darasani mikono mitupu. Wakiketi kona moja na kusubiriana zamu, wanajifunza jambo ambalo wazee wamelitafuta kwa vikao vingi.

Basi barabarani na mtoni tuamue sisi, bila kuomba radhi. Darasani tumpe mtoto nafasi ya kuchagua, nasi tumsaidie mwalimu mwenye watoto wengi kwa kumpelekea magunzi na vifuniko. Na jioni, kabla ya kumuuliza mtoto ameandika nini, tumuulize leo ameuliza nini. Mungu aliyempa ulimi wa kujibu ndiye aliyempa na wa kuuliza.