Nasaha kwa Anayetoka Bariadi Kwenda Kupanga Mwanza

Mwanangu, Bariadi imekua tangu iwe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, lakini vijana wetu wengi bado hupanda basi la Mwanza kufuata chuo, kazi au biashara. Kabla hujalipa kodi ya chumba, sikiliza haya.

Jijue kwanza, ndipo uchague mtaa. Anayesoma Chuo Kikuu cha SAUT atafute Malimbe au Nyegezi, asije akamaliza posho yake kwenye daladala. Anayechuuza dagaa wa mwaloni Kirumba akae Kirumba au Kitangiri, kwa sababu soko la samaki halimsubiri aliyelala. Ukisikia kodi ya Buswelu au Buhongwa ni nafuu, ijumlishe na nauli ya mwezi mzima ndipo useme ni nafuu. Wala usipange mahali kwa kuwa rafiki yako anapasifia. Yeye ana kipato chake na saa zake za kazi, nawe una zako.

Dalali msikilize, lakini usimfanye macho yako. Malipo yake aghalabu ni kodi ya mwezi mmoja, nayo hutoka mfukoni mwako, kwa hiyo haraka yake si yako. Nenda ukakague chumba mchana, kisha urudi usiku, usikie kama baa ya jirani inalala na kama njia ya kurudia nyumbani ina taa. Muulize mama anayeuza mbogamboga pale kona maji hutoka siku zipi. Mwanza ni mji wa vilima na mawe: nyumba ya juu ina upepo mzuri na mandhari ya ziwa, lakini bomba likikauka, ndoo utaipandisha wewe kwa kichwa. Na bondeni, kama kule Mabatini kando ya Mto Mirongo, uliza maji hufika wapi mvua kubwa zikinyesha. Kumbuka ya wenzetu: waliokuwa wamejenga na kupanga Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaacha bila makazi, wengine wakahamishiwa Mabwepande.

Fedha ya kodi ni jasho la pamba ya wazazi wako, itoe kwa maandishi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dai mkataba na risiti, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue. Uliza pia kama mita ya umeme ya LUKU ni ya chumba chako au ya nyumba nzima. Mwenye balbu moja na mwenye friji wakichangia sawa, ugomvi hauko mbali. Kubalianeni mapema nani anatoa kiasi gani.

Sasa jipime wewe: je, mtaa huo utakufurahia? Kama hulali bila muziki wa juu, usikae ukuta mmoja na muuguzi wa Hospitali ya Bugando anayelala mchana baada ya zamu ya usiku. Ukihamia, nenda kwa mwenyekiti na barua yako ya utambulisho. Wasalimie wakubwa, hata wasiokujua. Usione haya kuwaamkia eti kwa kuwa umefika mjini. Zamu yako ya kufagia uwanja na kuosha choo usimwachie mama wa chumba cha pili. Pakitokea msiba, toa mchango, kisha nenda ukakae na wafiwa.

Jambo moja huwaponza sana watu wa kwetu. Tumelelewa tusimfungie ndugu mlango, kwa hiyo mpwa akija, binamu akija, wote tunawapokea. Huo ni utu, usiuache. Lakini chumba cha kupanga kina choo cha pamoja na maji ya kununua. Mwambie mwenye nyumba kabla mgeni hajafika, sema atakaa siku ngapi, na uongeze mchango wako wa maji na umeme bila kudaiwa.

Siku ya kuhama, toa taarifa mwezi mmoja kabla, lipa deni la dukani, kisha kabidhi chumba kikiwa kisafi. Kijana mwingine wa Simiyu akija kubisha hodi pale, jina jema uliloacha litamdhamini.